Kwa Nyangeta, Aliyemshinda Kipara

Bunda, kiwandani

Nyangeta mama,

Habari za afya yangu atakupa dereva aliyekuletea barua hii kwa mdomo, maana ameniona kwa macho yake nikila ugali na nikicheka, kwa hiyo karatasi hii sitaimaliza kwa kuandika kwamba sijambo. Nimeketi nyuma ya marobota ya pamba. Zamu yangu imeisha, na basi litaondoka kwenda Musoma watu wakishakunywa chai ya alasiri. Muda wangu ni huo tu. Mwandiko wangu unaujua, ni wa mtu aliyeacha shule darasa la tano akaenda kuchunga ng'ombe Nyamuswa. Pakikushinda, muulize mama yako, yeye ameuzoea.

Mambo ya safari yako najua mama yako amekwisha kukwambia yote: sanduku, chakula cha njiani, watu wa kwenye treni. Mimi sina la kuongeza hapo. Hujawahi kupoteza kitu chochote, hata sindano ya Fundi Salum.

Nataka kukuandikia habari za Kipara.

Najua umecheka, na umemwangalia mama yako. Nivumilie. Nitaeleza kama nilivyoona mimi, maana siku zile wewe ulikuwa umetazama kioo cha televisheni na mimi nilikuwa nyuma ya kichwa chako. Huenda tuliona vitu viwili.

Ulikuwa wakati ule mitumba ilipojaa sokoni mpaka watu wakasahau kushonesha nguo. Fundi Salum, aliyekuwa akishona sare za watoto wote wa Nyasho, akabaki na wateja wa kupunguza suruali. Siku moja akarudi kutoka Sirari na televisheni ndogo na mashine ya gemu, akaligawa duka lake kwa pazia. Huku cherehani, kule gemu. Wewe ulikuwa ukimshonea vifungo ukitoka shule, na pasipokuwa na wateja alikuachia pedi, kile kidude cha vitufe, ucheze. Mama yako alinung'unika, mimi nikasema mwache, angalau yuko kivulini.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa ngumi na mateke. Ukimshinda mmoja anakuja mwingine, na mwisho kabisa anatokea lile jitu lisilo na unywele hata mmoja, kifua kama mlango wa ghala. Mtaa mzima ukamwita Kipara. Vijana wengi walimfikia, hakuna aliyempita. Ukirusha ngumi, ameshakinga. Ukirusha teke, ameshainama. Halafu anakupiga yeye, na ule mstari wa damu yako pale juu ya kioo unakatika nusu. Watu walimzungumza vijiweni kama mtu anayeishi nyumba ya pili.

"Jana Kipara kamtandika mwalimu."

"Mwalimu yupi?"

"Wa hesabu."

"Ah, yule hata mimi ningemtandika."

Fundi Salum alikuwa na maelezo yake. Alisema mashine ikipata joto Kipara anakuwa mkali, kwa hiyo kila adhuhuri, kabla ya kwenda msikitini, aliizima na kuifunika kitambaa chenye unyevunyevu. "Mwacheni apumzike," alituambia. "Tangu asubuhi anapigana na nyinyi wote, na yeye yuko peke yake." Hakuna aliyembishia. Sote tuliona ni haki.

Kisha ikaja ile siku ya Idi. Chumba kilijaa mpaka watoto wakakaa juu ya meza ya kukatia nguo. Umeme ulikuwepo, ajabu ya siku hiyo. Wewe ulikuwa na gauni lile la njano, na ukawapita wote mpaka ukafika kwa Kipara. Mimi nilisimama nyuma yako, na sauti yangu ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote. Nilitaka watu wajue wewe ni wa nani.

Yale maandishi ya kuanza yalikuwa bado yako kwenye kioo. Ukampiga teke moja. Likampata! Chumba kikalipuka. Halafu ukarudi nyuma hatua chache, ukaondoa vidole kwenye vitufe, ukaiweka pedi juu ya mapaja kama mtu anayengoja kuhudumiwa.

"Piga!"

"Piga tena, we binti!"

"Mnyang'anyeni pedi, huyu amelala!"

"Nyangeta! Piga! Unamwogopa?" Huyo wa mwisho nilikuwa mimi.

Kipara alikuwa akiyumba pale, ngumi juu, huku, kule, huku, kule. Hakukufuata. Alikuwa anakungoja wewe, na wewe ulikuwa unaingoja saa ya raundi. Saa ikaisha, na kwa kuwa damu yako ilikuwa nzima na yake imepungua kidogo, mashine ikakupa ushindi. Raundi ya pili ukafanya vilevile. Kijana mmoja akainuka na hasira. "Hujapigana! Huo ni wizi!" Wewe ukamjibu bila hata kugeuka: "Nimempiga moja. La pili la nini?"

Tulipokuwa tunarudi nyumbani nikakuuliza, "Nani kakufundisha vile?"

"Yeye mwenyewe."

"Kipara?"

"Baba, Kipara hana akili yake. Anaangalia kidole changu. Nikibonyeza tu ameshajua, mguu wangu haujanyanyuka bado. Ndiyo maana anakingaga kila kitu. Sasa nisipobonyeza, atakinga nini?"

"Na lile teke la kwanza?"

"Pale anakuwaga bado hajaamka."

Habari hiyo ya kidole niliieneza mimi, nakiri. Kabla jioni haijaingia Nyasho yote ilijua kwamba Kipara huona vidole. Kesho yake nikakuta vijana wamefunika mikono kwa kanga za mama zao ili asione. Nami nikakaa kwenye benchi, nikavua shati, nikafunika pedi, nikapigwa kabla sijajua nimebonyeza nini. Fundi Salum akainama kuangalia. "Mzee," akasema, "labda anachungulia kwa chini." Nikalibana shati kwa magoti. Nikapigwa tena. Wewe ulikuwa upande wa cherehani na kifungo mkononi, ukacheka mpaka ukajichoma sindano. Ungeweza kutueleza kwamba kidole kinapita kwenye waya, na waya unaingia moja kwa moja kwenye kichwa chake, na hakuna kanga ya kuzuia hilo. Hukusema. Ulituacha na kanga zetu.

Siku ile nilifurahi, mama. Nimeikumbuka mara nyingi hapa kiwandani, na kila nikiikumbuka nashindwa kupata siku nyingine baada yake tuliyocheka pamoja namna ile.

Sasa nije kwenye lile la mwaka huu, kabla msimu wa pamba haujafunguliwa. Nilikuwa nimekaa mlangoni, wewe ukatoka ndani na ndoo.

"Baba, nimechaguliwa chuo cha ufundi, Dar es Salaam. Nitasomea umeme. Nitakwenda."

Ukaweka ndoo chini, ukasimama.

Unajua niliyosema, sitayarudia yote. Nilisema msichana apande nguzo watu wakiwa chini wanamtazama? Nilisema chuo cha ualimu kipo hapahapa mkoani, na wenzako wanakililia. Nilisema mengine juu ya mama yako ambayo hayakuwa na uhusiano. Majirani walitoka. Na wewe ulisimama tu karibu na ndoo yako, macho kwenye ukuta, mikono imelegea. Hukunijibu hata neno. Mwishowe mimi nikachoka, nikaenda kulala mchana kweupe. Nilipoamka ulikuwa umekwisha kwenda kwa mkuu wa shule kukubali nafasi, ila hilo nilikuja kulisikia baadaye.

Nikarudi Bunda bila kukuaga. Nilidhani nimekukomesha, maana ulinyamaza.

Huku napakia marobota na jamaa mmoja wa Mugeta, mtu wa maneno mengi. Tukiwa tumepumzika nikamsimulia habari za Kipara, kama ninavyomsimulia kila mtu anayekubali kukaa. Akacheka sana pale pa shati. Halafu akaniuliza, "Na huyo binti yako, wewe ukigomba nyumbani anajibuje?"

Nikasema, "Hajibu. Husema lake moja, halafu anangoja nimalize."

Akanitazama. Mimi nikajitazama.

Nyangeta, wewe hukujifunza kwa ile mashine. Fundi Salum alipoileta ulikuwa umekwisha kuijua kazi hiyo kwa miaka. Siku ile njiani nilikuuliza nani kakufundisha, ukasema yeye mwenyewe. Nadhani ulinihurumia.

Tangu hapo nimekuwa nikirudi nyuma kuangalia. Ulipokuwa mdogo, nikirudi nyumbani mwisho wa msimu, nilikukuta umelala. Kila mara umelala, hata jua likiwa bado juu. Nilisimama mlangoni nikaona vidole vya miguu vikicheza chini ya shuka, nikajua hujalala, nikadhani ni utani wa watoto. Sikuwahi kujiuliza mtoto anamfanyia nani utani wa kulala asubuhi, mchana na jioni. Na mama yako ameniambia kwamba wiki iliyopita, ulipokwenda Butiama kumuaga bibi yako, mlizungumza jikoni mpaka maziwa yakaungua. Maziwa yakaungua kwa maneno! Mimi miaka yote nimewaambia watu kwamba binti yangu ni mkimya kwa kuzaliwa.

Sitaki kujitetea, lakini nataka ujue sauti hii niliitoa wapi, maana huenda na wewe siku moja ukajikuta nayo. Niliipata kwenye foleni. Ulikuwa mgongoni kwa mama yako wakati huo, sabuni haipo, sukari haipo, chumvi inatafutwa kama dawa. Kwenye duka la ushirika mtu mpole alirudi na kikapu kitupu. Siku moja nikapaza sauti, nikapiga meza ya muuzaji kwa kiganja, nikapewa mche wa sabuni kutoka chini ya meza. Nilirudi nyumbani kama niliyeua simba. Mama yako alikuogesha siku hiyo mpaka ukang'aa. Nikajua, kumbe ni hivi. Basi nikafanya hivyo kwa muuzaji, kwa karani wa pamba, kwa ndugu zangu, kwa mama yako, kwako wewe. Foleni zilipokwisha na maduka yakajaa sabuni za kila rangi, mimi nilikuwa bado napiga meza.

Kiwanda nacho kimeongeza. Mashine za kuchambua pamba zikiwaka, mtu husemi, unapiga mayowe. Sikio langu la kushoto limekufa, sijawahi kumwambia mtu nyumbani. Kwa hiyo mara nyingine uliposikia ninafoka kwamba chakula kiko wapi, nilikuwa naulizia chakula tu. Mara nyingine, si zote. Nyingine nilikuwa nafoka kweli, na wewe ulikuwa na haki ya kutazama ukuta.

Na lile la umeme. Sikuwa nakataa umeme. Mtoto aliyejua kwamba kidole kinapita kwenye waya, asome nini kingine? Chuo cha ualimu kina jambo moja tu zuri kwangu: kipo karibu. Nilitaka uwe mahali ambapo nikipata siku ya mapumziko naweza kukufikia. Hilo lingekuwa sentensi fupi. Nilikuwa nayo mdomoni, likatoka lile la nguzo.

Nimefikiri sana tofauti yangu na Kipara, kwa sababu mtu akishajiona hivyo hutafuta mahali pa kutokea. Nimepata moja. Yule, ukimzima jioni, asubuhi anaamka hajui kama alishindwa. Ungempiga teke lile kila siku mpaka uzeeke, angelipokea vilevile, hajaamka, ngumi juu. Hana kosa, ndivyo walivyomtengeneza. Mimi nimekumbuka. Imenichukua muda wa aibu, lakini nimekumbuka, na nimeketi hapa na vumbi la pamba puani ninakuandikia.

Kwa hiyo ninachotaka kukwambia kuhusu huko unakokwenda ni kidogo. Kutulia kwako ni kitu kizuri, usikiache nyumbani. Utakutana na watu ambao wakiona kidole chako tu wamekwisha kujiandaa, mafundi watakaokucheka, wakubwa wa kupenda kugombana. Mbele ya hao simama vilevile, wape moja, ngoja saa yao iishe. Sitakuwepo kukushangilia, na ni nafuu, ningekuharibia.

Lakini usisimame hivyo mbele ya kila mtu. Atatokea rafiki, atatokea mume labda, atakuja mtoto wako, na wao watafoka siku fulani kwa sababu zao, sikio au foleni. Ukinyamaza utawashinda. Nakuhakikishia utawashinda, unashindaga. Ila mtu aliyeshindwa kwa kunyamaziwa hajui ameshindwa nini. Anabaki pale akiyumba, huku, kule, na anadhani mambo ni salama. Mimi nimekaa hivyo miaka. Sikulaumu, ulikuwa mtoto na mimi nilikuwa mkubwa kuliko mlango. Nasema tu palivyo, upande huu.

Namna ya kumtambua nani wa kumnyamazia na nani wa kumjibu, hiyo sijui. Ningeijua ningekuandikia. Mama yako anaijua zaidi, lakini na yeye amekosea mara moja, aliolewa na mimi. Mwambie nimesema hivyo, atafurahi.

Dereva ameanza kupiga honi ya kutisha abiria, sina budi kufika kwenye lililonifanya niandike.

Mama yako alinitumia salamu Jumapili kwamba umesema hutashuka Bunda. Umesema, "Baba nitamwandikia nikifika." Sikukasirika. Nilipanda juu ya marobota nikakaa huko kidogo, nikashuka.

Ni hili ninaloomba, na si amri. Basi lako kesho asubuhi, la dereva huyuhuyu, litasimama hapa stendi. Nimemwomba msimamizi ruhusa, amenipa, ingawa alishangaa nilivyoomba kwa sauti ndogo, akadhani naumwa. Nitakuwa nimesimama pale wanapouza mahindi ya kuchoma. Sitakuja dirishani kuita jina lako mbele za watu. Sitapanda ndani. Nitakaa pale nilipo mpaka basi liondoke.

Ukitaka kushuka, shuka. Ukishuka, useme, mama. Sema lolote ulilonalo, na likiwa la miaka kumi sema la miaka kumi. Lile la umeme, lile la ndoo, mengine nisiyoyajua ambayo mimi niliyasahau siku hiyohiyo na wewe unayo. Njoo upande wa kulia, ndiko ninakosikia. Sitajibu kabla hujamaliza, na ukimaliza sitasema kwamba hukunielewa. Labda nitalia, usijali hilo, stendi ya Bunda ina vumbi na kila mtu anafuta macho.

Na usipotaka kushuka, basi nitakuwa nimekuona unapita, na nitajua umesafiri salama mpaka Bunda. Utaniandikia ukifika. Nitaisoma barua yako hata ikiwa ni mistari miwili.

Najua muda wa stendi ni mfupi na maneno yako yamekuwa mengi kwa miaka yote hii. Nimezungumza na dereva. Nimemwomba kesho, akifika Bunda, anywe chai vikombe viwili.

Baba yako